Anayetaka video atuandikie na ukubwa wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji niseme na wale wanaotangaza nafasi za masomo, ufadhili, ajira na mashindano kwa kumtaka mwombaji atume video. Matangazo ya namna hiyo yamekuwa mengi, hata humu gazetini tunayaona. Yanasema "tuma video fupi isiyozidi dakika 3", yanataja siku ya mwisho, basi. Hayasemi faili lisizidi MB ngapi, liwe la aina gani, wala picha iwe ya kipimo gani. Ombi langu ni kwamba mwenye kutaka video ayaandike hayo pale pale kwenye tangazo, kwa sababu dakika peke yake hazitoshi kumwongoza mtu.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi na maulidi hapa Tanga, na Ngamiani nina steshenari ambako watu huja kuchapa barua, kutoa kopi na, kwa miaka hii ya karibuni, kupunguziwa video zao ili zipande mtandaoni. Ninayoyaeleza nayashika kwa mikono yangu kila wiki.

Dakika 3 za nini? Kwenye iPhone, ukifungua mipangilio ya kamera, simu imekuandikia yenyewe: dakika moja ya picha ya kipimo cha 1080 kwa fremu 30, yaani picha 30 kila sekunde, ni kama MB 60, na dakika hiyo hiyo ukiipiga kwa 4K, kipimo kikubwa zaidi, na fremu 60 ni kama MB 400. Mtu ni yule yule, maneno ni yale yale, lakini mmoja atatuma MB 180 na mwingine MB 1,200, na wote wawili wametii tangazo. Kinachoamua uzito wa faili ni bitireti, yaani kiasi cha data kinachotumika kila sekunde. Hesabu yake ni ya shule ya msingi: chukua megabiti za sekunde moja, gawa kwa 8 upate MB, kisha zidisha kwa sekunde zote za video. Video ya megabiti 48 inakula MB 6 kila sekunde. Kwa dakika 3 ni MB 1,080. Ukiishusha hadi megabiti 2, ambazo kwa picha ya 1280 kwa 720 ya mtu aliyekaa akizungumza zinatosha kabisa, unabaki na MB 45, na sauti ya kilobiti 128 inaongeza kama MB 3. Kwa laini inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde, faili la kwanza linataka dakika 72 bila kukatika hata mara moja. La pili linataka dakika 3 na sekunde chache. Na laini zetu zinakatika.

Mwaka jana walikuja kwangu akina mama wa kikundi cha mwani kutoka upande wa Mkinga. Walikuwa wanaomba ufadhili wa kujenga chanja za kukaushia, na tangazo liliwataka watume video ya dakika 3 inayoonyesha kazi yao. Sasa mwani hauhudumiwi siku yoyote upendayo. Unakwenda shambani wakati wa bamvua, maji yakipwa mbali, ndipo pegi na kamba zinaonekana na mtu anaweza kuinama akafunga mbegu kwa taitai. Kijana wao aliwapiga video bamvua hiyo, na bamvua nyingine ingekuja baada ya wiki mbili, siku ya mwisho ya maombi ikiwa imeshapita. Kwa hiyo habari ya kurudia kupiga haikuwepo. Aliwapiga kwa 4K na fremu 60, kwa nia njema, kwa kuwa simu ilimwambia huo ndio ubora wa juu. Wakachanga, wakanunua bando, wakakesha nalo, faili likapanda mpaka mwisho, na hapo ndipo fomu ikaandika kwamba faili ni kubwa mno. Kubwa kuliko ngapi, haikusema.

Walinifikia mchana wa siku ya mwisho. Nikaiingiza video kwenye HandBrake, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ambayo ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti kabisa. Nikashusha picha hadi 720, nikaweka fremu 30, nikaweka ubora kwenye RF 23. Ikatoka na MB tisini na kitu. Fomu ikakataa. Nikaongeza namba ya RF, maana kadiri namba hiyo inavyopanda ndivyo ubora unavyoshuka na faili linavyopungua. Ikatoka na MB sitini hivi. Fomu ikakataa, na kila inapokataa inangoja kwanza faili zima lipande ndipo iseme. Tukaendelea kubahatisha, bando likiisha na jua likizama, mpaka faili liliposhuka chini ya MB 25 ndipo likapokelewa. Kwa dakika 3 za baharini, ukubwa huo hautoshi. Maji yalikuwa miraba miraba, kamba hazionekani, mbegu ya mwani huwezi kuitofautisha na mchanga, na uso wa mwenyekiti wao, mama aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake, ulikuwa umevurugika kiasi kwamba wajukuu zake wasingemtambua. Majibu waliyopata hayakuwa mazuri. Sisemi sababu ilikuwa picha, sikuwa kwenye kikao chao. Nasema wale waliokaa kuhukumu hawakuiona kazi ya akina mama hawa kama ilivyo.

Tangazo lingekuwa limetaja MB 25 tangu mwanzo, nisingeibana video namna ile. Ningekata vipande virefu vya majini, nikabakiza vifupi vya kuonyesha shamba, nikampa nafasi kubwa mwenyekiti anapozungumza kivulini. Video ingekuwa ya dakika moja na nusu, picha safi, MB zile zile. Mpunguzaji akijua kipimo anachagua akate nini na aache nini. Asipokijua anabana tu mpaka mlango umkubali.

Wateja wengi huniuliza kwa nini video ya mjomba akitoa nasaha ndani ya nyumba inapungua vizuri na ya baharini haipungui. H.264, utaratibu wa kubana video uliotoka 2003 na ambao mpaka leo unafunguka karibu kwenye kila simu na kompyuta, hauhifadhi kila fremu nzima nzima. Unahifadhi moja kamili, kisha kwa zinazofuata unaandika yale yaliyobadilika tu, kama mwalimu anayeandika majina yote ya darasa mwanzo wa muhula halafu kila siku akatia alama kwa wasiokuja. Mjomba aliyekaa mbele ya ukuta anabadilika midomo na mikono. Ukuta uko pale pale. Lakini bahari saa nne asubuhi, jua limepiga majini, inameremeta kila mahali na hakuna fremu inayofanana na iliyotangulia. Minazi ikipepea nyuma ya msemaji, hali ni hiyo hiyo. Harusini ni taa za rangi zinazozunguka, shanga za gauni la bibi harusi na makaratasi ya kung'aa yanayorushwa maharusi wakiingia ukumbini. Hizo dakika chache zinataka data kuliko hotuba zote za wazee zikiunganishwa. Na giza nalo. Watu hawaamini nikiwaambia kwamba video ya usiku yenye chenga ni ngumu kubana kuliko ya mchana, wakati hakuna kinachoonekana. Chenga haitulii mahali pamoja, na programu inaihifadhi kwa bidii ile ile inayohifadhi uso wa mtu.

Ndiyo maana kazi ya kupunguza inaanza wakati wa kupiga. Mkono unaotetemeka unaibadilisha picha nzima kila fremu, pamoja na ule ukuta, kwa hiyo stendi ya bei nafuu inairahisishia programu kazi ya kupunguza. Kama huna stendi, egemeza simu kwenye rundo la vitabu. Mweke msemaji kivulini penye mwanga wa kutosha, nyuma yake pawe patulivu. Piga kwa 1080 na fremu 30. 4K ina nukta za picha mara 4 ya 1080, na mtu atakayeitazama kwenye kioo cha simu au kompyuta ya ofisini hatazifaidi nukta hizo. Ukimaliza, kata mwanzo pale unaporekebisha kofia na mwisho pale unaponyoosha mkono kuzima kamera. Asiye na kompyuta anaweza kutumia programu ya simu kama CapCut, ambayo kabla ya kutoa video inakuuliza 720 au 1080, fremu ngapi. Watu wanapapita hapo bila kusoma, na hapo ndipo penye kila kitu. Kuifunga video kwa zip hakusaidii, kwa kuwa ndani imeshabanwa tayari. Na ya asili usiifute mpaka upokee jibu kwamba yako imefika na imefunguka.

Kuna waliozoea kuipitisha WhatsApp ili ipungue. Inapungua kweli, lakini hupangi wewe ipungue kiasi gani, na ikihifadhiwa kwa katibu wa kikundi kisha ikatumwa upya kama video ya kawaida inaweza kubanwa tena. Nimeletewa video za namna hiyo ambazo hakuna fundi wa kuzirudisha, maana kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi. Ukitaka ifike kwangu kama ilivyo, itume kama dokumenti. Tangu 2022 WhatsApp inapokea faili la hadi GB 2 kwa njia hiyo. Au njoo na flashi.

Lakini linalonikosesha usingizi zaidi ni zile tovuti zinazojitangaza kwamba zitakupunguzia video bure. Kwanza ni hasara, kwa sababu ili ikupunguzie lazima upandishe faili zima, na ulikwenda kwake kwa kuwa faili zima halipandi. Bando linaliwa mara tatu: kupandisha, kushusha iliyopungua, kisha kuipandisha tena unakoipeleka. Pili, video hiyo imeshakaa kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Sisi Tanga tuna shughuli zetu za wanawake watupu, tena mlangoni anawekwa mtu wa kuhakikisha simu haziingii. Mimi huitwa kupiga shughuli hizo kwa kuwa ni mwanamke na naaminiwa; bibi harusi yuko wazi kichwa, shangazi zake wanacheza wanavyotaka, na wote wanajua video ile itabaki kwa mama wa bibi harusi. Halafu dada mmoja anataka kumtumia nduguye aliye Muscat, faili ni kubwa, anaipeleka kwenye tovuti ya kupunguzia bila hata kufikiri. Dada zangu, nawasihi kwa dhati msifanye hivyo. Video ya watu wengine si yako peke yako kuamua ipite wapi. Ipunguzeni ndani ya simu au kompyuta yenu wenyewe, isitoke nje kabla ya kufika kwa mwenyewe. Mfano huo wa shughuli nautoa makusudi, ofisi nazo ziusikie: mnapoacha kutaja ukubwa mnawasukuma waombaji wakimbilie tovuti hizo wakiwa na haraka, na video ya maombi ina uso wa mtu, jina lake, na mara nyingi namba yake ya simu anaisoma kwa sauti.

Aina ya faili nayo itajwe. iPhone tangu 2017 zimekuwa zikihifadhi video kwa utaratibu mpya zaidi wa HEVC, uliokamilika 2013. Ni utaratibu mzuri, unatoa faili dogo kwa ubora ule ule, lakini kompyuta nyingi za ofisini hazijawekewa cha kuifungulia. Kijana mmoja wa Makorora alijibiwa na waliomtangazia nafasi kwamba video yake ina sauti haina picha. Video ilikuwa nzima. Kompyuta yao ndiyo haikuweza kuisoma. Kama wangeandika MP4 ya H.264, angebadilisha kwa dakika chache.

Najua kuna watakaosema mwenye shida ajifunze mwenyewe. Kujifunza tunajifunza, na ningefurahi sana walimu wa TEHAMA wakiifundisha hesabu ya bitireti sekondari, kwa kuwa mwanafunzi ataitumia siku atakapoanza kutafuta chuo. Lakini hakuna masomo yatakayomwezesha mtu kujua kikomo kilichofichwa ndani ya fomu ya mwenzake. Wapo pia wanaosema wao hawaweki kikomo, mtu atume faili la ukubwa wowote. Hilo linaonekana ni ukarimu, ila linamfaa aliye mjini mwenye faiba nyumbani. Mama wa Moa anayetafuta mtandao kwa kupanda mwinuko hanufaiki kwa kuambiwa atume GB anazotaka. Tena hata mjini hatuna uhakika. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania na majirani zetu tulikaa na intaneti ya kusuasua. Siku zile hapa dukani MB chache zilikwenda kwa kusukumwa, na faili kubwa hazikwenda. Aliyekuwa na siku ya mwisho wiki ile alihitaji kuwa na faili dogo, na kuambiwa mapema kwamba faili dogo linakubalika.

Hilo la kukubalika nalo liandikwe. Vijana wanaogopa 720. Wanadhani mwenye 4K atahesabiwa ana bidii zaidi, kwa hiyo hata akijua kupunguza anasita. Ofisi ikiandika kwamba 720 inatosha na kwamba hakuna alama kwa ubora wa kamera, hofu hiyo inaondoka. Ofisi nyingine huomba video iwekwe YouTube kisha zitumiwe kiungo tu. Naiunga mkono njia hiyo pale ambapo mambo si ya siri, kwa kuwa wao wanatazama kwa ubora wautakao na hakuna fomu ya kukataa kitu. Ila mwombaji bado atapandisha yeye, kwa hiyo kupunguza kuko pale pale. Tena akaunti isiyothibitishwa haipokei video ya zaidi ya dakika 15, jambo ambalo wanaoomba rekodi ya somo zima darasani wanapaswa kulikumbuka.

Mistari ninayoiomba ni michache, na haichukui nafasi ya kulipiwa zaidi kwenye tangazo: "Video isizidi dakika 3 wala MB 60. Iwe MP4 ya H.264, sauti AAC. Picha ya 1280 kwa 720 inatosha. Ubora wa kamera hautahesabiwa. Faili likizidi ukubwa huu, fomu italikataa kabla ya kuanza kupanda." Huo mstari wa mwisho ni wa mafundi wao wa tovuti, na ni kazi ndogo: fomu inaweza kuusoma uzito wa faili mara tu mtu anapolichagua, kabla hata MB moja haijatumika. MB 60 kwa dakika 3 ni megabiti 2 na nusu na ushei kwa sekunde. Mtu anayezungumza ataonekana vizuri sana, na shamba la mwani litaonekana likikatwa kwa busara.

Na wewe Mhariri, gazeti lako linapokea matangazo haya na kuyalipisha. Likiletwa linalotaka video bila kutaja ukubwa, mpigie simu mwenye tangazo umuulize ni MB ngapi, uijaze namba hiyo kabla halijakwenda mtamboni.

Mpiga video,
Ngamiani, Tanga